Mbwa anayefuata familia: historia ya chanjo ambayo vita huikatiza

Familia inapokimbia vita, hakuna anayempangia mbwa nafasi. Mama anabeba mtoto mgongoni na godoro kichwani, baba anasukuma baiskeli yenye bidoni na masufuria, watoto wakubwa wanashika kuku. Mbwa anafuata tu. Katika barabara ya kutoka Rutshuru kuelekea Goma, na ile ya Masisi inayopitia Sake, mbwa wameonekana mara nyingi nyuma ya watu wanaotembea, ulimi nje, wakilala pale watu wanapopumzika. Baadhi hufika hadi kambini na kulala nje ya turubai. Baadhi hupotea njiani na kuchanganyika na mbwa wasio na mwenyewe. Baadhi hubaki kijijini kulinda nyumba isiyo na mtu, hadi njaa inapowatoa.

Kwa wote hao swali ni moja: walichanjwa au hawakuchanjwa? Mara nyingi hakuna wa kujibu. Kadi ya chanjo, kama ilikuwepo, imebaki ndani ya nyumba pamoja na vyeti vya shule. Na swali hilo si dogo, kwa sababu kichaa cha mbwa, ambacho wauguzi wa huku huandika kwa Kifaransa "rage", ni ugonjwa usio na dawa mara dalili zinapoonekana. Mtu aliyeumwa na mbwa mwenye ugonjwa huo, akishaanza kuogopa maji, karibu kila mara hufariki. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba watu kama 59,000 hufa kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na kwamba karibu wote, 99 kwa 100, waliambukizwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaokufa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Chanjo inayozuia vifo hivi ni ya zamani kuliko mzee yeyote aliye hai Kivu leo. Ukifuata historia yake tangu mwanzo, unaona jambo linalojirudia: mahali mbwa walipochanjwa wengi na kwa kurudia, ugonjwa ulirudi nyuma, na vita au janga lilipokatiza kazi hiyo, ulitoka tena.

Habari inayojulikana sana ni ile ya mtoto Joseph Meister. Alikuwa na miaka 9, mwenyeji wa kijiji cha Alsace, jimbo ambalo wakati huo lilikuwa mikononi mwa Ujerumani baada ya vita vya 1870. Tarehe 4 Julai 1885 mbwa alimuuma sehemu nyingi za mwili. Mama yake alivuka naye mpaka hadi Paris kumtafuta Louis Pasteur, mtu ambaye hata hakuwa daktari, alikuwa mkemia. Jioni ya tarehe 6 Julai mtoto alianza kuchomwa sindano, zikafika 13 katika muda wa siku kumi hivi. Kwa kuwa Pasteur hakuwa na ruhusa ya kutibu watu, aliyeshika sindano alikuwa daktari Grancher. Mtoto aliishi. Alipokuwa mtu mzima alifanya kazi ya kulinda mlango katika Taasisi ya Pasteur huko huko Paris.

Linalosahauliwa ni kwamba kabla ya Meister walikuwepo mbwa. Kwa miaka kadhaa Pasteur na msaidizi wake Émile Roux walikuwa wakifanya kazi na sungura na mbwa. Walichukua uti wa mgongo wa sungura aliyekufa kwa kichaa, wakauning'iniza ndani ya chupa yenye hewa kavu, na kadiri siku zilivyopita ndivyo ukali wa ugonjwa ulivyopungua ndani yake. Mbwa aliyechomwa kwanza dawa ya uti uliokauka siku nyingi, kisha ya ule wa siku chache, na mwishowe ya ule mbichi kabisa, hakuugua hata alipoumwa na mbwa mwenye kichaa. Mwaka 1884 serikali ya Ufaransa ilituma tume ijionee. Mbwa waliochanjwa walibaki wazima, na wengi kati ya wale ambao hawakuchanjwa waliugua.

Kwa hiyo wazo la kwanza lilikuwa kuchanja mbwa wa Ufaransa, ili ugonjwa ukose pa kukaa. Pasteur alipiga hesabu, akaliacha. Mbwa walikuwa wengi mno, kila mmoja alihitaji sindano nyingi, na dawa ya kila sindano ilitoka kwa sungura. Njia nyingine ilikuwa karibu zaidi. Ugonjwa huu hutembea polepole: kutoka kwenye jeraha hadi ubongoni huchukua wiki kadhaa, hata miezi. Basi mtu anaweza kuchanjwa baada ya kuumwa, na kinga ikawahi kufika kabla ya ugonjwa. Mwezi Machi 1886 watu 19 kutoka Smolensk, Urusi, walioumwa na mnyama wa porini mwenye kichaa, walifika Paris baada ya safari ndefu. 16 kati yao waliokoka. Taasisi ya Pasteur ilifunguliwa Novemba 1888, na nyingine zikafuata katika nchi nyingi, mojawapo ng'ambo ya mto, Brazzaville, mwaka 1908.

Ulikuwa ushindi mkubwa, lakini uliacha pengo. Tangu hapo pesa na juhudi vilielekezwa kwa mtu ambaye tayari ameumwa. Mbwa aliyemuuma, na mbwa wengine ambao huyo aliwauma kabla ya kumfikia mtu, waliachwa. Mtu mmoja aliyeumwa anahitaji dozi kadhaa, na jeraha likiwa la kutoka damu anahitaji pia serumu ya kinga, dawa ghali ambayo vituo vingi vya afya vya vijijini havina. Mbwa anahitaji dozi moja. Mbwa huyo angekuwa amechanjwa, hakuna hata mmoja kati ya aliowauma ambaye angepanda pikipiki usiku kutafuta dawa mjini.

Chanjo ya watu yenyewe ilikuwa na shida zake. Kwa miaka mingi iliendelea kutengenezwa kwa ubongo wa wanyama, kwa njia aliyoianzisha David Semple, daktari wa jeshi la Uingereza huko India, mwaka 1911. Ilichomwa tumboni siku hadi siku, sindano 14 au zaidi, na kuna waliopooza kwa sababu yake. Woga wa "sindano za tumbo" haujaisha hadi leo, na kuna wanaokimbilia jiwe jeusi au majani ili kuziepuka. Woga huo umepitwa na wakati. Tangu 1984 OMS imeshauri chanjo ya ubongo iachwe. Ya leo hutengenezwa kwa chembe zinazokuzwa maabara, huchomwa mkononi, na dozi zake ni chache. Lakini kabla ya chanjo yoyote, jeraha la mbwa huoshwa kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15. Jambo hilo linawezekana hata kambini, na ni la kwanza kufanywa, kabla hata ya kutafuta usafiri. Kisha kituo cha afya, siku hiyo hiyo.

Waingereza waliondoa kichaa cha mbwa bila chanjo. Serikali yao iliamuru mbwa wavalishwe kifunga mdomo, ikakamata wasio na mwenyewe, na waliotoka ng'ambo ikawatenga kwa miezi. Watu walilalamika sana, na vyama vya wapenda mbwa vilipinga amri hiyo. Hata hivyo mwaka 1902 ugonjwa ulikuwa umekwisha. Kisha vikaja Vita vya Kwanza vya Dunia. Askari waliorudi nyumbani walikuja na mbwa waliowapata ng'ambo, baadhi wakiwaficha, na mwaka 1918 kichaa kikaonekana tena kusini magharibi mwa nchi. Ilichukua hadi 1922 kukiondoa. Kisiwa chenye bahari pande zote, polisi na sheria kali, na bado mbwa wachache wa askari walitosha kukirudisha.

Wajapani walichagua sindano. Mwaka 1921 watafiti wawili, Umeno na Doi, walitangaza matokeo ya chanjo ya mbwa iliyotosha kuchomwa mara moja tu. Hesabu iliyomshinda Pasteur ikabadilika: sasa iliwezekana kupanga mbwa wa mtaa mzima foleni na kumaliza kwa siku moja. Ugonjwa ulianza kupungua, ingawa tetemeko la 1923 lililobomoa Tokyo na Yokohama lilivuruga kazi. Wakaaji wa Goma, waliouona mji ukihama kwa sababu ya Nyiragongo mwaka 2002 na tena Mei 2021, hawahitaji kuelezwa jinsi inavyokuwa. Vita vya Pili vya Dunia vilifanya vibaya zaidi: chanjo ikasimama, kichaa kikarudi kwa nguvu. Mwaka 1950 Japani ilipitisha sheria kwamba kila mbwa aandikishwe na achanjwe, na asiye na mwenyewe akamatwe. Miaka saba baadaye, 1957, mnyama wa mwisho wa nchini humo alipatikana na ugonjwa huo, alikuwa paka. Nchi hiyo ilikuwa imetoka kubomolewa kwa mabomu, watu wake walikuwa wamelala njaa. Anayesema leo kwamba kazi hii ni ya nchi tajiri peke yake anapaswa kuitazama Japani ya mwaka 1950.

Wakati huo huo, huko Marekani, watafiti walikuwa wameacha ubongo na kutumia yai. Virusi vilivyotoka kwa msichana aliyefariki kwa kichaa huko Georgia mwaka 1939, vinavyoitwa Flury, vilikuzwa ndani ya mayai ya kuku yenye kifaranga, tena na tena, hadi vikapoteza ukali wake kwa mbwa. Chanjo hiyo ya mayai ilitumiwa Malaya mwaka 1952. Na tayari mwaka 1948 mji wa Memphis, katika jimbo la Tennessee, ulikuwa umeonyesha kwamba mji wenye kichaa kingi unaweza kukizima kwa kuchanja mbwa wengi kwa muda mfupi, badala ya mmoja leo na mwingine mwezi ujao.

Kampeni za namna hiyo ndizo zilizoleta namba ambayo madaktari wa wanyama huitaja kila mahali: mbwa 70 kwa 100. Watu wengi huisikia bila kuambiwa imetoka wapi, wakati maelezo yake si magumu. Mbwa mwenye kichaa, kwa wastani, humwambukiza mbwa mmoja au wawili kabla hajafa. Surua kati ya watoto wasiochanjwa husambaa kuliko hivyo mara nyingi. Ili kichaa kikatike, inatosha sehemu tu ya mbwa wawe na kinga. Shida ni kwamba mbwa wa vijijini hawaishi sana. Chukua kijiji chenye mbwa 100, uchanje 70 mwezi wa Januari. Ifikapo Desemba baadhi yao wamekufa kwa njaa, kwa magonjwa, kwa kugongwa na pikipiki, na watoto wa mbwa waliozaliwa katikati ya mwaka hawana kinga. Tuseme wenye kinga wamebaki 40. Hao 40 bado wanaweza kuuzuia ugonjwa. Lakini kama ungeanza na 40, kufika Pasaka tayari wangekuwa wachache mno. Ndiyo maana kampeni inarudiwa kila mwaka, na ndiyo maana mwaka mmoja ukirukwa kijiji kinarudi nyuma.

Sasa weka vita ndani ya hesabu hiyo. Nusu ya mbwa wa kijiji wanaondoka na wenye nao, wengine wasiojulikana wanaingia. Kambini wanakutana mbwa wa vijiji ishirini, na wale wa familia zinazopokea wageni. Mbwa aliyechanjwa hapotezi kinga yake kwa kuhama, anatembea nayo mwilini. Kinachopotea ni hesabu: hakuna tena anayejua kama katika eneo hilo waliochanjwa ni 70 kwa 100 au ni 10.

Katika hali hiyo viongozi wengi hufikiria kwanza risasi au sumu. Mawazo hayo nayo yana historia, na haipendezi. Mwezi Septemba 1997 mbwa watatu walifika katika kisiwa cha Flores, Indonesia, wakitoka Sulawesi, kisiwa kingine cha nchi hiyo hiyo ambako kichaa kilikuwepo. Flores hakikuwa na ugonjwa huo. Kuanzia 1998 wakuu wa huko waliamua kuua mbwa. Katika wilaya ambako ugonjwa uliingilia, karibu mbwa 70 kwa 100 waliuawa ndani ya mwaka huo mmoja. Ni namba ile ile ambayo kwa sindano ingekata ugonjwa. Lakini mwaka 2004 kichaa kilikuwa bado kipo Flores, na watu zaidi ya 100 walikuwa wamekufa. Sababu zinaeleweka kwa yeyote anayefuga mbwa. Mtu akisikia kwamba mbwa wanauawa, humficha wake au humpeleka kwa shemeji kijiji kingine, na kama mbwa huyo tayari ameambukizwa, ugonjwa unasafiri naye. Aliyepoteza mlinzi wa nyumba hutafuta mtoto wa mbwa mwingine, asiye na chanjo. Na risasi haibagui. Huua pia wale wenye kinga, ambao walikuwa ukuta kati ya ugonjwa na watu.

Kichaa si ugonjwa pekee wa mbwa unaozuiwa kwa sindano, na historia ya magonjwa hayo mengine inafika hadi kwenye mbuga za wanyama. Mtu anayempeleka mbwa wake kwa daktari wa wanyama mjini huambiwa pia habari za ugonjwa wa Carré na za parvo. Wa kwanza una jina la Henri Carré, daktari wa wanyama Mfaransa aliyeonyesha mwaka 1905 kwamba unaletwa na kitu kidogo kiasi cha kupita kwenye chujio linalozuia bakteria. Leo tunakiita virusi. Mbwa anatoka usaha machoni na puani, anaharisha, anatetemeka, na akipona anaweza kubaki na kutikisika kwa misuli maisha yake yote. Miaka ya 1920 wasomaji wa gazeti la Kiingereza la mambo ya shamba na uwindaji, The Field, walichanga pesa za kutafuta chanjo, maana mbwa wao wa kuwinda walikuwa wakiteketea. Watafiti Laidlaw na Dunkin waligundua kwamba fereti, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche, huugua haraka ugonjwa huo, wakatumia fereti kutengeneza chanjo kabla ya miaka kumi hiyo kwisha. Mwaka 1933 Laidlaw na wenzake walijaribu kwa fereti makohozi ya watu wenye mafua makali, na hivyo ndivyo virusi vya mafua ya binadamu vilivyopatikana. Parvo ni wa juzi tu: ulitambuliwa mwaka 1978, na katika miaka miwili hivi ulikuwa umezunguka dunia, ukiua hasa watoto wa mbwa kwa kuhara damu.

Ugonjwa wa Carré haumuui mtu, ingawa virusi vyake ni ndugu wa virusi vya surua. Simba unamuua. Mwaka 1994 simba wa Serengeti, Tanzania, walianza kuonekana wakitetemeka na kuanguka. Karibu simba 1,000 walikufa, theluthi moja ya wote waliokuwepo. Maabara ilionyesha kwamba ni virusi vya ugonjwa wa Carré, vya namna moja na vile vya mbwa wa vijiji vinavyozunguka mbuga. Virunga nayo ina simba, na imezungukwa na vijiji vyenye mbwa.

Msiba huo wa simba ulisaidia watu. Kuanzia 1996 mbwa wa wilaya ya Serengeti walianza kuchanjwa kijiji kwa kijiji, na dawa ya kichaa ikiwemo. Kila kijiji kilipewa siku yake: meza chini ya mti au kwenye uwanja wa shule, tangazo kwa kipaza sauti siku iliyotangulia, bure kwa wote. Waliofikiwa walikuwa kati ya mbwa 60 na 75 kwa 100. Baada ya kampeni ya kwanza kichaa kwa mbwa kilipungua kwa 70 kwa 100, baada ya ya pili kwa 97, na watu waliofika hospitalini kwa kuumwa na mbwa wenye dalili walipungua pia. Kabla ya hapo wataalamu wengi walisema kwamba vijiji vya Afrika haviwezi kufikia hesabu hiyo, kwamba mbwa wake hawana mwenyewe. Ilionekana kwamba wengi wana mwenyewe, hata kama wanazurura mchana kutwa. Mwenyewe alikuwa hajaitwa tu.

Kisiwa cha Pemba, Zanzibar, kinaonyesha upande mwingine. Huko chanjo ilikiondoa kichaa kabisa. Kisha mwaka 2016 kikaingia tena kutoka nje, na kwa kuwa chanjo ilikuwa imelegea, kikasambaa. Walirudia kuchanja mbwa wa kisiwa kizima, na kufika 2018 kilikuwa kimekwisha kwa mara ya pili. Miji ya ziwa Kivu na Tanganyika, yenye mashua zinazopakia watu, mbuzi na mbwa kila siku, iko karibu na Pemba kwa jambo hili kuliko inavyoonekana kwenye ramani.

Swali la frigo ndilo huleta ubishi kila mara kampeni inapotajwa Kivu. Chanjo hutakiwa kuwekwa kwenye baridi, kati ya digrii 2 na 8, na vijiji vingi havina umeme. Watafiti huko huko Tanzania walilichunguza jambo hili. Mwaka 2016 walichapisha kwamba chanjo moja ya kichaa inayotumika sana kwa mbwa, ikikaa miezi sita katika digrii 25, au miezi mitatu katika digrii 30, humpa mbwa kinga sawa na ile iliyotoka kwenye frigo. Baadaye walitengeneza vyungu vinavyopozwa kwa maji, kwa namna ile ile ambayo bibi huweka maji ya kunywa yakapoa, na kuziacha dozi vijijini mikononi mwa mtu aliyefundishwa. Hii haina maana kwamba kila chanjo yaweza kuachwa juani. Iliyopimwa ni hiyo, na kwa kiasi hicho cha joto. Lakini milima ya Masisi ni ya baridi kuliko vijiji vingi vya Serengeti, na hoja ya frigo peke yake haitoshi tena kueleza kwa nini wilaya nzima ikae miaka bila kampeni.

Kongo ina madaktari wanaoujua ugonjwa huu vizuri mno. Katika hospitali za Kinshasa walihesabu watoto 21 walioletwa na kichaa cha mbwa mwaka 2009 peke yake, wakaandika habari zao mwaka 2014. Wote walifariki. Hao ni wale waliofika hospitalini katika mji mkuu. Mtoto anayekufa kwa ugonjwa huu nyuma ya Walikale, au ndani ya hema, huzikwa na jina lingine: malaria ya kichwa, au uchawi. Bila mbwa kupimwa na bila kifo kuandikwa, wilaya inaonekana kwenye karatasi kana kwamba haina shida, na isiyo na shida haitengewi dozi. Nchi kadhaa zimenaswa hapo kwa miaka mingi.

Mexico ilitoka. Ilianza miaka ya 1990 kuchanja mbwa bure kila mwaka, mamilioni kwa mamilioni, mtaa kwa mtaa. Mwaka 2019 ikawa nchi ya kwanza duniani kuthibitishwa na OMS kwamba watu wake hawafi tena kwa kichaa cha mbwa. Lengo lililowekwa kwa dunia nzima ni mwaka 2030, na kila tarehe 28 Septemba, siku aliyokufa Pasteur mwaka 1895, nchi nyingi hufanya kampeni zao. Tarehe hiyo ni ya kuulizwa mapema kwa mkuu wa mtaa na kwa ofisi ya mifugo ya wilaya: je, mwaka huu dozi zipo, na kambi na familia zinazopokea wageni zimehesabiwa ndani? Mara nyingi kampeni hupangwa kwa kufuata orodha za vijiji, na mbwa wa mtu aliyehama hayumo kwenye orodha ya kijiji alichotoka wala ya pale alipo.

Familia ambayo haijarudi kwao inaweza kumwandikisha mbwa wake pale ilipo, hata kama haijui alichanjwa lini. Kumchanja tena mbwa aliyekwisha chanjwa hakumdhuru. Akishachomwa, wengine humfunga utepe shingoni au kumpaka rangi mgongoni, ili jirani asimpige mawe kwa woga na mtu wa kampeni asimrudie siku hiyo hiyo.

Kuhusu watoto wa mbwa, mambo yamebadilika. Zamani wengi waliambiwa wangoje hadi miezi mitatu, na kwa kuwa kampeni huja mara moja kwa mwaka, kungoja kulimaanisha kukaa bila kinga hadi mwaka uliofuata. Siku hizi OMS inashauri mbwa wa umri wowote achanjwe siku ya kampeni. Katika foleni za vijijini wanaoleta mbwa mara nyingi ni watoto wa shule, mbwa mkubwa kwa kamba, na wale wadogo kabisa hubeba watoto wa mbwa mikononi. Kabla ya hapo walirudishwa nyumbani. Sasa nao wanachomwa.